Fremu ya Tatu Kutoka Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa asubuhi, nikafukuzwa alasiri, nikarudishwa kabla ya kufunga. Nilikuwa nimejipaka mafuta uso na mikono hadi nang'aa, maana shangazi yangu aliyenipokea Nakuru alisema mtu haendi kutafuta kazi mjini akiwa amepauka. Nikaingia karakana iliyokuwa nyuma ya maduka ya Wahindi, nikaona fremu ya mbao imewambwa kitambaa cheupe, chepesi, kimekazwa sawasawa. Basi mimi mshamba kutoka Kakamega nikaweka kiganja changu chote juu yake, nijue ni kitu gani. Hakuna aliyeniona. Alasiri, kila tangazo lililotoka kwa fremu ile lilikuwa na alama za vidole vitano vyekundu katikati ya maneno.

"Mkono ya nani hii?" Mwenye karakana alipiga kelele. Alikuwa Mhindi mfupi mwenye miwani mizito, na sisi tulimwita Fundi Mkuu, akiwepo na asipokuwepo. Alitupanga foleni, sote wanne, akatunusa viganja mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakuhitaji kunusa. "Wewe kwenda!" akasema, na kidole chake kikaonyesha mlango.

Aliyeniokoa ni Njoroge, mchoraji wa karakana, mtu wa kama miaka thelathini hivi, mtulivu, mwenye kaptura iliyojaa madoa ya rangi. "Fundi Mkuu, huyu hakuambiwa," alisema. "Kuambia wageni ni kazi yangu, na sikumwambia. Kosa ni langu." Akachukua brashi nyembamba, akachovya gundi, akaziba vile vidole kimoja kimoja hadi vikaisha. Kisha akanigeukia. "Nenda ukaoge na sabuni ya kufulia, bwana harusi. Kesho ukuje ukiwa umepauka."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupiga chapa kwa hariri. Nitawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu nikiwasikia nyinyi vijana mkisema mmechapisha fulana mia kabla ya chai kwa kubonyeza kitufe, nacheka halafu nakasirika. Hamjui kazi ilitoka wapi.

Kwanza unatengeneza fremu, mbao nne zilizonyooka, kisha unawamba hariri juu yake na kuipigilia misumari midogo, ukivuta kidogo kidogo kila upande. Ikilegea mahali pamoja tu, mstari wako utayumba kama mlevi. Halafu mchoraji anachora juu ya hariri yenyewe, kwa mkono, kwa wino mweusi wa mafuta. Ukikauka, unapaka gundi fremu nzima kwa kadibodi, uanike. Sasa hapa ndipo pana uchawi wake. Gundi haishiki penye mafuta. Ukisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ule wino unatoka wote na kuacha matundu, na penye gundi panabaki pameziba. Ukiinua fremu mbele ya dirisha, mchoro unauona kwa mwanga unaopita. Baada ya hapo unalaza fremu juu ya karatasi au gunia, unamimina rangi upande mmoja, unaisukuma hadi upande wa pili kwa ubao wenye raba ukingoni. Unainua. Kazi imetoka. Mafuta ya kiganja changu yalikuwa yamefanya kazi ya wino, ndiyo maana nilichapishwa.

Ukimaliza kandarasi, unaosha gundi kwa maji moto, hariri inabaki nyeupe, unachora kitu kingine. Hariri ilikuwa adimu siku zile, ilitoka ng'ambo, na Fundi Mkuu aliifungia kabatini pamoja na vyakula vyake. Kwa hiyo hakuna mchoro uliokaa. Leo tangazo la dansi, wiki ijayo jina la shamba juu ya magunia ya ngano ya Njoro, na lile la kwanza limeenda na maji kwenye mtaro. Njoroge alikuwa amechora miaka sita pale na hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mimi nilikuwa wa raba na wa kuosha. Lakini tangu wiki ile ya kwanza nilitaka kuchora, nilitaka mpaka vidole vinawasha. Nilimtazama Njoroge alivyoshika brashi, wima, kidole kidogo kikiegemea ukingo wa fremu, na mchana wa mapumziko nilichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo. Fundi Mkuu akaiona michoro hiyo. "Mkono yako ya kusukuma," aliniambia. "Ya kuchora iko moja hapa, inatosha." Njoroge hakucheka. Alianza kunifundisha kwa kunipa herufi moja kila siku niirudie kwenye karatasi za kufungia. Herufi S ilinitesa karibu mwezi mzima.

Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, kazi ikapungua. Njoroge akamwomba Fundi Mkuu fremu moja achore kitu chake mwenyewe, na kwa sababu yule mzee alimheshimu, akampa ile ya tatu kutoka mlangoni, iliyokuwa na hariri mpya kabisa. Njoroge akamchora mama yake. Mama huyo aliishi kwenye shamba la Mzungu upande wa Sachangwan, akichuma pareto, na hakuwa amepigwa picha hata siku moja maishani mwake. Njoroge alimchora akiwa ameinama kidogo, kikapu mgongoni, uso ameuinua kama mtu aliyeitwa jina. Alichukua majuma matatu. Akapaka gundi, akaifungua kwa mafuta ya taa, akaiinua dirishani, na sisi wote tukasogea. Mwanga ulipita ndani ya yule mama.

"Piga basi nakala tuone!" nilimwambia.

"Bado," akasema. "Nataka karatasi nzuri, na nataka yeye mwenyewe awepo. Krismasi nitamleta aone akitoka."

Krismasi haikufika. Mnajua miaka ile ilikuwa ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwashuku Wakikuyu wote, na Mkikuyu mjini aliishi kwa kipande, ile hati ya kitambulisho, na kwa bahati. Asubuhi moja askari waliingia karakana wakataka vipande. Sisi wengine walitupita. Njoroge wakamwambia atoke. Hakupinga, hakuuliza sababu. Aliweka brashi yake kwenye mkebe wa tapentaini ili isikauke, tabia yake ya kila siku, kisha akaniambia mbele ya wote, "Wekesa, nitunzie ile fremu." Nikasema, "Nitaitunza." Lori lilikuwa limejaa wanaume waliosimama. Kutoka mlangoni nilimwona akishikilia ubavu wa lori, gundi ingali vidoleni.

Karakana ikakaa siku nne bila mchoraji. Siku ya tano ikaja kandarasi ya matangazo ya dawa ya kupe, ya kubandikwa kwenye majosho ya ng'ombe kuanzia Lanet hadi Molo. Fundi Mkuu alizunguka akiguna, akachungulia nyuma ya mlango wa choo, akaniita.

"Wewe naweza chora ng'ombe?"

"Naweza."

"Chukua fremu moja, osha, chora. Kesho kutwa nataka."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Alisema fremu moja. Hakusema ipi. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na jina la kinu cha unga, kazi iliyokwisha, lakini hariri yake ilikuwa imelegea. Ya pili ilikuwa na kiraka. Ya tatu ilikuwa ya Njoroge. Nilisimama mbele ya fremu hizo kwa muda ambao mtu angekunywa kikombe cha chai. Nilijiambia kwamba ng'ombe wangu wa kwanza akiyumba kwa sababu ya hariri mbovu, Fundi Mkuu ataniambia tena habari ya mkono wa kusukuma, na nafasi hii haitarudi. Nikabeba ya tatu nikaipeleka kwenye karo la kuoshea.

Hata nakala moja sikupiga. Ingechukua dakika mbili na karatasi moja. Lakini rangi ikishapita inaacha uchafu kwenye nyuzi, na mimi nilitaka hariri nyeupe, safi, ya kwangu. Nilikuwa na haraka pia, niliogopa mzee atabadilisha nia. Nikamwaga maji moto.

Ng'ombe alitoka na miguu kama ya meza, na kupe nilimfanya mkubwa kama kobe. Fundi Mkuu alivua miwani akacheka mpaka akashika ukuta, lakini tangazo lilipita, likabandikwa, na Jumapili yake nilitembea kwa miguu hadi josho la Lanet kulitazama. Nilifurahi. Sitawadanganya. Nilisimama pale na wachungaji, nikasikia mmoja akisema, "Huyu kupe ni wa ukweli," nikaona dunia imekuwa yangu.

Nikawa mchoraji. Mambo yakasonga. Baada ya miaka miwili Fundi Mkuu aliniazima kwa mama mmoja Mzungu wa Njoro, mke wa mkulima wa ngano, aliyechapa mapazia na vitambaa vya meza kwenye ghala la zamani. Tulimwita Memsahibu, kama walivyoitwa wote. Yeye alinifundisha kupiga rangi tatu kwa fremu tatu, kila rangi na fremu yake, na jinsi ya kuweka alama za msalaba kwenye pembe ili rangi zikutane bila kupishana. Alikuwa mkali. Alinyooshea kidole ndege niliowachora akasema, "Wekesa, hawa ndege wako wanasimama kama wanangoja kulipa kodi. Legeza bega." Nililegeza bega, na kweli ndege waliruka. Nilikaa kwake hadi alipouza kila kitu na kurudi kwao, na siku ya kuondoka alinipa raba zake mbili na jora la hariri. Hariri yangu mwenyewe, mimi Wekesa! Nililala nayo kitandani kama mke.

Nikakodi chumba mtaa wa Bondeni, hapo hapo Nakuru, nikajitegemea. Hakuna wa kuniambia chora hiki, acha kile. Nilipiga vitambaa vya kwaya, mapazia, matangazo ya dansi, mabango ya shule. Na ilikuwa huko Bondeni, miaka ya hamsini ikiwa mkiani, ambapo mlango ulisukumwa nikainua macho nikamwona Njoroge.

Alikuwa amekonda, koti ni kubwa kumshinda. Tulishikana mkono, na nikahisi kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Sikuuliza, naye hakueleza, siku ile wala nyingine. Nilimkalisha, nikatuma chai, nikaongea upuzi mwingi kuhusu bei ya rangi. Alinywa chai yote kwanza.

"Nimetoka Sachangwan," akasema. "Mama alizikwa nikiwa huko ndani, kizuizini. Majirani wamenionyesha mahali." Akaweka kikombe chini. "Ile fremu iko?"

Nilikuwa na miaka ya kutosha ya kujiandaa kwa swali hilo, na bado nikajibu la kwanza lililonijia mdomoni. "Fundi Mkuu aliniamuru niioshe," nikasema. "Ilibidi. Nilikataa, akanitisha na kazi."

"Hata nakala moja hukupiga?"

"Hakunipa nafasi."

Alitikisa kichwa polepole. "Yule mzee," akasema. "Na nilidhani ananipenda." Fundi Mkuu alikuwa ameshafunga duka akahamia Kisumu, kwa hiyo hakuwepo wa kujitetea, na mimi nikamwachia mzigo wangu.

Njoroge alibaki. Nilimwomba, na nilimwomba kwa nguvu, kama mtu mwenye deni aombavyo bila kutaja deni. Tukawa wawili katika chumba kile, mimi nikichora, yeye akisukuma raba, kwa sababu vile vidole vilikataa brashi. Mara kwa mara kazi ikipungua alichukua fremu, akashika brashi kwa ngumi kama mtoto, akajaribu kumchora mama yake tena. Kikapu kilitoka. Mgongo ulitoka. Uso ukakataa. "Nimeusahau, Wekesa," aliniambia siku moja, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Nikifunga macho namwona, nikishika brashi anaondoka." Akaosha fremu mwenyewe, nami nikajifanya natafuta msumari.

Hivyo tukafanya kazi, na sitawachosha na miaka yote. Uhuru ukaja, tukapiga bendera ndogo za karatasi hadi raba zikaisha makali. Tukaoa, tukazaa, tukagombana kuhusu redio. Zikaja filamu za kuhamisha picha ya kamera moja kwa moja kwenye fremu, ikaja plastiki badala ya hariri, na wateja wakaanza kusema mkono una makosa, mashine haina. Vijana tuliowafunza wakafungua vyumba vyao, vizuri kuliko chetu. Tukakubaliana tufunge tungali tunaweza kutembea.

Siku ya kufunga tulialika majirani, wanakwaya wa zamani, wateja wachache waliokuwa hai. Kulikuwa na soda na mbuzi. Njoroge, ambaye hakupenda kuongea mbele za watu, alisimama. Alisema, "Huyu Wekesa nilimkuta anang'aa mafuta kama chapati," watu wakacheka. Kisha akasema, "Nilipoondolewa, nilimwachia kitu kimoja tu. Angekitunza, kama si yule bosi. Namjua. Angekitunza." Watu wakapiga makofi. Nilishika soda yangu kwa mikono miwili.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya mlima Menengai. Tulibaki wawili, tukiwa tumekaa juu ya meza ya kuchapia maana viti vilikuwa vimeshagawiwa. Nikamwambia. Nilimwambia fremu zilikuwa tatu, bosi alisema moja, na mimi ndiye niliyechagua. Nikamwambia habari ya kiraka na hariri iliyolegea. Nikamwambia nilitaka ng'ombe wangu asiyumbe. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimaliza nikangoja anipige, na ningeshukuru.

Hakunipiga. Alisugua vile vidole vyake viwili. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayepanda kilima.

"Maji yalikuwa moto ama baridi?" akauliza.

"Moto."

"Ulianzia wapi?"

Sikuelewa. "Chini," nikasema. "Kwa miguu. Nikapanda juu."

"Kwa hivyo uso ulitoka mwisho."

"Uso ulitoka mwisho."

"Na ulikuwa unauangalia?"

"Niliuangalia, Njoroge. Nilisimamisha maji nikauangalia. Karibu niache. Halafu nikamwaga."

Aligeuka akanitazama, na sikuweza kumtazama. Alikuwa amekasirika, nawaambieni, alikuwa amekasirika sana, taya lilikuwa linacheza. Lakini alinishika mkono wangu wa kulia, huu wa kuchora, akaukaza mpaka ukauma.

"Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona," akasema. "Niambie alikuwaje."

Nilifunga macho. Nikaanza na kitambaa cha kichwa, fundo lake lilivyokuwa upande wa kushoto, juu ya sikio. Nikasema paji la uso lilikuwa pana, na jicho moja alilifinya kidogo kwa sababu ya jua, la kulia. Nikasema midomo ilikuwa imefunguka nusu, kama anataka kujibu. Sikujua kama nilikuwa nayo yote hayo. Yalitoka moja baada ya jingine, na kila nilipokwama alikaza mkono.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.